Photoshop na picha za gigabaiti nyingi: kipi kinaongeza kasi na kipi ni kutupa hela

Picha ya pikseli 30,000 kwa 20,000 ina pikseli milioni 600. Katika RGB (rangi nyekundu, kijani na buluu) ya biti 8 kila pikseli inakula baiti 3, kwa hiyo picha hiyo ikiwa peke yake, bila leya (tabaka) ya pili, inakalia GB 1.8 za RAM, yaani kumbukumbu ya kazi ya kompyuta. Ipandishe hadi biti 16, inakuwa GB 3.6. Weka juu yake leya nyingine iliyojaa na yenye uwazi wake, hapo chaneli (rangi tatu na uwazi) ni nne na umeongeza GB 4.8. Maski, yaani kifuniko kinachoficha sehemu za leya, iliyopakwa picha nzima ni GB 1.2 nyingine. Filta bado haijaguswa. Ukubwa wa faili unaouona kwenye folda usikudanganye, maana pale faili limebanwa. Likifunguliwa linarudi kwenye uzito wake halisi.

Kwa kazi ya namna hiyo, yaani panorama za kuunganisha, skani za ramani, mabango makubwa ya kuchapwa, Photoshop ndiyo programu tunayoiamini kuliko nyingine. RAM ikiisha haifi. Inahamishia data kwenye diski na kuendelea na kazi. Lawama yetu ni kwamba mipangilio inayokuja nayo imelenga picha za kawaida za kamera, na mtu asiyeigusa ataishia kuilaumu kompyuta, atanunua kadi ya michoro yenye nguvu, kisha ataona brashi bado inachechemea vilevile. Majina ya menyu tumeyaacha kama yanavyosomeka kwenye skrini, ili uyapate kirahisi.

Soma namba moja kabla ya kununua chochote

Chini ya dirisha la picha, upande wa kushoto, kuna sehemu inayoonyesha ukubwa wa hati. Bonyeza kishale kilicho pembeni yake, chagua Efficiency. Ikisomeka 100%, kazi yote inafanyika ndani ya RAM. Ikishuka, Photoshop imeanza kuandika na kusoma kwenye diski, na hakuna diski, hata iwe ya gharama gani, inayoifikia RAM kwa kasi.

Iangalie wakati kazi inaendelea, si picha ikiwa imetulia. Unafungua faili, 100%. Unarudufu leya, bado 100%, kwa sababu nakala inaegemea data ileile hadi utakapoibadilisha. Unapitisha Gaussian Blur kwenye leya nzima, namba haisogei. Filta ya pili, ya tatu, kisha ghafla 88%, 71%, na kuanzia hapo kila ukisogeza picha unaona miraba ikijichora mmoja mmoja. RAM imejaa, na hatua uliyokuwa umefikia ndiyo kipimo cha kazi ambayo kompyuta yako inaimudu.

Kwenye kishale kilekile kuna Scratch Sizes, inayotoa namba mbili. Ya kushoto ni kumbukumbu ambayo picha zilizofunguliwa zinaihitaji, ya kulia ni RAM ambayo Photoshop imeruhusiwa kuitumia. Tuseme kushoto kunasomeka GB 41 na kulia GB 22. Hiyo ni kompyuta ya GB 32 iliyoachwa kwenye mgao wa kawaida wa 70%. Ukipanda hadi GB 64, mgao uleule wa 70% unakupa karibu GB 45, na kazi yako yote inaingia. Namba hizo mbili zinakuambia ununue kiasi gani kwa uhakika kuliko ushauri wa muuzaji yeyote.

Na kama kompyuta ni nzito huku Efficiency imebaki 100%, acha RAM kwanza. Tatizo liko kwenye prosesa, kwenye draiva ya kadi ya michoro, au kwenye kosa ambalo tutalieleza sasa hivi.

RAM, na kosa la kuipa Photoshop yote

Mgao unarekebishwa kwenye Edit, Preferences, Performance. Kwenye Mac, Preferences au Settings iko chini ya menyu yenye jina la programu yenyewe. Wengi wakifika hapo wanavuta kitelezi hadi 100%, wakidhani wamepiga bao. Kinachofuata ni hiki: mfumo wa uendeshaji unakosa pa kupumulia, unaanza kuihamishia kumbukumbu ya Photoshop yenyewe kwenye diski bila Photoshop kujua. Efficiency inaendelea kusomeka 100%, huku kompyuta nzima imeganda na kielekezi cha mausi kinaruka. Panda kwa hatua za 5%, anzisha programu upya, fanya kazi yako ya kawaida, kisha angalia Task Manager kwenye Windows au Memory Pressure ndani ya Activity Monitor kwenye Mac. Mac ikitoka kijani kwenda njano, rudi hatua moja nyuma. Sisi hatuvuki 85%, na kwa mtu anayefungua kivinjari chenye vichupo ishirini pembeni, 70% iachwe ilivyo.

Kwa picha za pikseli milioni 600 katika biti 16, GB 16 ni mateso. GB 32 ni pa kuanzia. GB 64 ndipo mtu anapotulia akafanya kazi, na GB 128 ni kwa wanaounganisha panorama zenye leya nyingi. Windows 11 Home inaishia GB 128. Anayetaka zaidi anahitaji toleo la Pro.

Unaponunua, chukua vipande viwili vinavyofanana badala ya kimoja kikubwa, maana prosesa inasoma kwa njia mbili kwa pamoja na kasi ya RAM inakaribia kuwa maradufu. Kwenye ubao mama wenye sloti nne, kwa kawaida vipande viwili vinakaa sloti ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa, lakini kitabu cha ubao wako ndicho chenye neno la mwisho. Kwenye DDR5, vipande vinne mara nyingi hulazimisha kasi kushuka, kwa hiyo viwili vya GB 32 ni bora kuliko vinne vya GB 16. Ukishavipachika ingia BIOS, yaani mipangilio ya ubao mama, uwashe XMP, au EXPO kwa baadhi ya bodi za AMD. Bila hivyo RAM uliyoilipia kasi kubwa itatembea kwa kasi ya chini ya kawaida. Laptopu nyingi nyembamba RAM yake imechomelewa, na Mac zenye chipu za Apple haziongezwi kabisa, tena kadi ya michoro inakula humohumo. Kwa mashine hizo uamuzi unafanyika siku ya kununua, baada ya hapo umekwisha.

Diski ya muda ndiyo inayobeba mzigo RAM ikiisha

Photoshop inaiita Scratch Disk, na ina ukurasa wake kwenye Preferences. Chukua mfano wa kuhamisha GB 20. Diski ya kuzunguka inayoandika MB 150 kwa sekunde itatumia dakika mbili na zaidi. SSD (diski isiyozunguka) ya SATA, yenye kikomo cha takriban MB 550, inatumia sekunde 36 au 37. NVMe, aina ya SSD yenye kasi zaidi, ya PCIe 3.0 inayofikia MB 3,500 inamaliza kwa sekunde zisizofika 6. Hakuna mpangilio wowote ndani ya programu utakaokupa tofauti kubwa namna hiyo.

Ila kasi iliyoandikwa kwenye boksi haielezi yote. SSD nyingi za bei nafuu zina sehemu ndogo ya akiba inayoandika haraka, na ikijaa, kasi inaporomoka. Kwenye zile za aina ya QLC (biti nne kwa seli moja) inaweza kushuka chini ya SSD ya kawaida ya SATA. Mtu anayehifadhi nyaraka hataligundua hilo maisha yake yote, lakini faili la muda la Photoshop linaweza kufika GB 60 au 100 kwa kikao kimoja, na linapita ukingo huo mara nyingi. Kwa diski ya muda tafuta TLC (biti tatu kwa seli) yenye DRAM yake, yaani kumbukumbu ndogo ya ndani, na usiijaze. Ikibaki bila nafasi tupu, akiba hiyo ya haraka nayo inapungua. Weka pia kipoza joto, kwa sababu NVMe ikichemka inajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue.

Ushauri wa zamani wa kutenga diski ya muda na diski ya mfumo bado una maana, kwa sharti kwamba zote mbili ziwe za kasi. NVMe moja inayobeba mfumo na kazi za muda inaishinda mbali diski ya kuzunguka iliyotengwa peke yake. Ukiweka diski mbili kwenye orodha, Photoshop inaanza na ya juu hadi ijae, kwa hiyo panga ya kasi iwe ya kwanza. Kabla ya kununua NVMe angalia sloti: zipo M.2 (sloti ndogo za SSD kwenye ubao mama) zinazokubali SATA tu, na kuna ubao mama ambao ukijaza M.2 ya pili unazima milango kadhaa ya SATA. Diski ya nje inafaa ikiwa inapita USB ya Gbps 10, ambayo kwa vitendo ni karibu MB 1,000 kwa sekunde. Fleshi ya USB isitumike kabisa.

Siku diski hiyo ikijaa, programu itakataa hata kufunguka, ikidai scratch disks zimejaa. Shikilia Ctrl na Alt wakati inaanza, au Command na Option kwenye Mac, na utapewa nafasi ya kuchagua diski nyingine. Kama Photoshop ilizimika ghafla jana yake, tafuta mafaili yanayoanza na jina Photoshop Temp. Programu ikiwa imefungwa, hayo ni mabaki na unaweza kuyafuta.

Historia na akiba ya picha

History States inakuja ikiwa 50. Kwa brashi ndogo hilo halina shida, kwa sababu kinachotunzwa ni vipande vilivyobadilika tu. Filta inayogusa leya nzima ni jambo jingine: kila hatua inatunza leya yote. Filta kumi kwenye picha yetu ya GB 3.6 ni GB 36 za historia peke yake. Ishushe hadi 15 au 20. Ukiwa katikati ya kazi na umebanwa, nenda Edit, Purge, Histories, ukijua kwamba huwezi kurudi nyuma tena baada ya hapo.

Cache Levels inakuja 4. Hizi ni nakala ndogo za picha ambazo programu inazitumia kukuonyesha ukiwa umeipunguza kwenye skrini isionekane kwa ukubwa kamili. Kwa picha kubwa yenye leya chache weka 6 au zaidi, na Cache Tile Size uichague ile ya 1024K. Faili litachelewa kidogo kufunguka, kisha kusogeza na kukuza kutakuwa laini. Kwa faili lenye leya mia moja ndogondogo fanya kinyume: levels 2, tile ya 128K. Kuna jambo moja la kuwa nalo makini. Ukiwa umepunguza mwonekano, matokeo ya kunoa au ya kuondoa chenga unayaona kupitia nakala hizo ndogo, si pikseli zenyewe. Amua ukiwa kwenye 100%.

Vijipicha kwenye paneli ya leya navyo hujichora upya kila badiliko. Vizime kwenye Panel Options kwa kuchagua None. Smart Object, leya inayotunza picha ya asili ndani yake, inafaa kwa kulinda ubora, lakini ikiwa na filta tatu juu yake, badiliko dogo ndani yake linalazimisha zote kupigwa hesabu upya. Palipo na leya ya marekebisho, kama Curves, itumie badala ya kurudufu leya nzima. Bila maski iliyopakwa, haiongezi karibu chochote.

Kuhifadhi: hapa ndipo tunapoinyima alama

Watu wengi wanadhani kompyuta yao imekufa pale mstari wa kuhifadhi unaposimama kwenye asilimia fulani dakika tano nzima. Fungua kipima prosesa wakati huo na utaona jambo la ajabu: diski iko karibu kimya, kiini kimoja cha prosesa kinahangaika, vingine vyote vimekaa. Photoshop inabana data, na inabana polepole. Dawa ipo kwenye Preferences, File Handling, imeandikwa Disable Compression of PSD and PSB Files (PSD na PSB ni aina za mafaili ya Photoshop yenyewe). Iwashe. Faili litakua, pengine sana, lakini kusubiri kwa dakika kutageuka kusubiri kwa sekunde ikiwa una NVMe. Mpangilio huu haukustahili kufichwa hapo chini.

Ukihifadhi kwenye diski ya mtandaoni ofisini, hesabu inageuka, maana sasa baiti nyingi zaidi zinapita kwenye waya. Hifadhi kwanza ndani ya kompyuta, kisha nakili. Ni salama zaidi pia. Mtandao ukikatika katikati ya kuhifadhi, faili linaweza kuharibika.

Ukurasa huohuo una Maximize PSD and PSB File Compatibility, inayoongeza ndani ya faili nakala ya picha iliyounganishwa. Ukiizima unaokoa muda na nafasi, lakini Lightroom Classic, programu ya Adobe ya kupanga na kurekebisha picha, haitalipokea faili hilo. Halafu Lightroom Classic yenyewe inakataa picha inayozidi megapikseli 512, kwa hiyo kwa picha kama ya mfano wetu izime bila wasiwasi. Kuhifadhi taarifa za dharura, kunakokuja kwa kila dakika 10, kuache kumewashwa, ila peleka muda hadi 30. Kwa faili zito, kila mzunguko unagombania diski na kazi yako.

Chagua umbo la faili mapema. PSD inaishia pikseli 30,000 kwa upande na GB 2. TIFF ya kawaida inaishia GB 4. PSB inakwenda hadi pikseli 300,000 kwa upande. JPEG haipiti 65,535 kwa upande, na WebP inakomea 16,383. Onyo kwamba faili limezidi GB 2 huja mwisho wa siku, wakati umeshachoka, na ndipo watu wanapounganisha leya zote kwa haraka na kupoteza kazi. Anza na PSB.

Prosesa na kadi ya michoro

Kwa kifupi: viini vichache vyenye kasi kubwa vinashinda viini vingi vya polepole, kwa sababu kazi nyingi za Photoshop hazigawanyiki vizuri. Kadi ya michoro inasaidia kukuza na kusogeza picha, Liquify, na filta za Blur Gallery. Ikishakuwa na VRAM (kumbukumbu ya kadi yenyewe) ya GB 4 hadi 8 na draiva mpya, fedha zilizobaki zipeleke kwenye RAM. Picha ikionyesha mabaka meusi au kuchelewa ajabu, zima Use Graphics Processor kwa muda ujaribu. Tatizo likitoweka, umeshajua ni draiva.

GIMP, na kazi ambazo hazihitaji kufungua picha

GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, tunaipa heshima yake. Tangu toleo la 2.10 la mwaka 2018 inafanya kazi hadi biti 32 kwa chaneli, na mipangilio yake ya kumbukumbu, chini ya System Resources, iko wazi. Tile cache size ipewe nusu ya RAM au zaidi kidogo. Ikiachwa ndogo, GIMP itaandika kwenye diski huku GB 40 za RAM zimelala. Minimal number of undo levels iwe ndogo, kama 5, kwa sababu hatua hizo zinatunzwa hata zikivuka kikomo cha Maximum undo memory. Folda ya swap (ya data ya muda) ielekeze kwenye NVMe. Kwenye Linux usiielekeze /tmp kabla ya kuhakikisha: Fedora, kwa mfano, inaiweka /tmp ndani ya RAM, na hapo utakuwa unakimbilia diski ambayo ni RAM ileile iliyojaa. Filta zisizoharibu picha zilizokuja na GIMP 3.0 ni nzuri, lakini kwenye picha kubwa ziunganishe na leya ukishazikubali. Hata hivyo, kwa kubadilisha umbo na ukubwa wa leya za mamia ya megapikseli, Photoshop bado iko mbele.

Kukata, kupunguza na kugeuza aina ya faili hakuhitaji hata moja kati ya hizo. Kwa kazi hizo tunaipa libvips, zana inayoendeshwa kwa amri za maandishi, alama kamili. Haipakii picha nzima kwenye RAM. Inaisoma kwa vipande, inafanya hesabu, inaandika, inasonga mbele, na kompyuta ya GB 8 inalimudu faili ambalo Photoshop ingelihitajia GB 40. Kupunguza panorama iwe ndani ya pikseli 8,000:

vipsthumbnail panorama.tif --size 8000 -o ndogo.tif

Kukata kipande cha 12,000 kwa 9,000 kuanzia pikseli 4,000 kutoka kushoto na 2,500 kutoka juu:

vips crop panorama.tif "kipande.tif[bigtiff]" 4000 2500 12000 9000

Neno bigtiff linaruhusu faili kuvuka GB 4. Liache na kazi kubwa itakatikia njiani. ImageMagick, zana nyingine ya amri, inafanya kazi zilezile kwa kumbukumbu nyingi zaidi, na kwenye Debian na Ubuntu mara nyingi imefungwa vikomo vidogo ndani ya faili la mipangilio la policy.xml, ikiwamo pikseli 16,000 kwa upande. Ikikujibu cache resources exhausted, diski yako ni nzima na RAM yako haina kosa: fungua faili hilo, pandisha width, height, area, memory na disk, kisha rudia amri.